Habari za Hermes, Jiwe Lililopotea Mbinguni kwa Miaka 66

Wasikilizaji wetu, kabla ya kuanza yatupasa kuungama kosa letu. Siku moja katika chuo cha walimu tulikuwa tukifundisha habari za jua na sayari zake. Tulikuwa tumechora ubaoni duara ndani ya duara, na jua katikati, tukasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika kwamba siku hizi wataalamu wamekwisha kuandika daftarini kila jiwe kubwa lipitalo karibu na dunia, hata wajua siku na saa ya kupita kwake. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akasema, "Samahani, Mwalimu. Na lile ambalo halimo daftarini, wao wanajuaje kwamba halimo?" Wenzake wakacheka. Sisi tukamwambia aketi, tukaendelea na somo.

Lakini jioni, tulipokuwa tukisahihisha kazi zao, swali lile lilirudi likatuchoma. Tulimnyamazisha kijana yule, wala si kwa sababu swali lake lilikuwa la kipumbavu, bali kwa sababu hatukuwa na jibu. Mazungumzo haya ndiyo jibu letu lililochelewa. Nasi tumeona kwamba njia iliyo bora ya kulijibu ni kusimulia habari za jiwe moja ambalo liliandikwa daftarini, likapewa na jina, kisha likapotea.

Watu wetu hawakuwa wageni wa mbingu. Wakulima waliitazama Kilimia wapate kujua majira ya kulima, na manahodha wa pwani waliongoza majahazi yao usiku kwa nyota. Kimondo kilipopasua giza, watu wa pwani walisema ya kuwa ni zinga la moto ambalo malaika wamemtupia shetani aliyekwenda kusikiliza siri za juu. Na huko Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, limelala donge la chuma lenye uzito upatao tani 16, ambalo halikuchimbwa na mtu wala kufuliwa na mhunzi. Wenyeji walilijua tangu zamani, na habari zake zikawafikia wataalamu wa nchi za mbali mwaka 1930. Donge lile lilitoka mbinguni. Basi mtu asituambie kwamba habari za mawe ya angani ni habari za Wazungu peke yao. Moja limekuja kukaa kwetu.

Mawe haya yanatoka wapi? Kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii yako mawe mengi mno yanayolizunguka jua kama zifanyavyo sayari, nayo huitwa sayari ndogo, au asteroidi. La kwanza lilionekana tarehe 1 Januari 1801, na aliyeliona ni padre mmoja aitwaye Giuseppe Piazzi, katika mji wa Palermo, kisiwani Sicily. Alilipa jina la Ceres. Piazzi alilifuata jiwe lile kwa siku zipatazo 40, hata likaingia katika mwangaza wa jua, lisionekane tena. Watu wakadhani limepotea. Ndipo kijana mmoja Mjerumani, Carl Friedrich Gauss, ambaye umri wake ulikuwa miaka 24, akakaa na kalamu na karatasi, akatengeneza njia mpya ya hesabu, akasema, Litafuteni mahali fulani. Wakalitafuta, na siku ya mwisho ya mwaka ule ule likaonekana karibu na pale aliposema.

Wasikilizaji wetu na waikumbuke habari hiyo, maana tutaihitaji mbele. Ceres lilipotea, nalo likarudishwa kwa hesabu. Lakini hesabu ya Gauss ilisimama juu ya kazi ya Piazzi, mtu aliyevumilia kutazama na kuandika usiku baada ya usiku. Hesabu bila maandishi haina pa kushika.

Zamani zile mtaalamu aliweka jicho lake kwenye darubini, akachora kwa mkono alichokiona. Mwaka 1891, katika mji wa Heidelberg nchini Ujerumani, Max Wolf alianza kutumia picha kwa kazi ya kutafuta sayari ndogo. Alifunga kwenye darubini kioo kilichopakwa dawa ishikayo nuru, akaiacha wazi kwa muda mrefu huku ikigeuzwa polepole kuzifuata nyota. Nyota, kwa kuwa zilifuatwa sawasawa, zilijiandika kama nukta. Lakini kitu chenye mwendo wake peke yake hakikuweza kutulia mahali pamoja, kikajiandika kama mstari mfupi. Hivyo mwenye kutazama kioo asubuhi hakuhitaji kuhesabu nyota zote. Alitafuta mstari kati ya nukta, kama mtu atafutaye unyayo mmoja kwenye mchanga.

Kwa njia hiyo ya picha mambo mapya yalijulikana upesi. Mwaka 1898 Gustav Witt wa Berlin aliona sayari ndogo iitwayo Eros, ambayo haikai pamoja na wenzake, bali huingia ndani ya njia ya Mirihi na kukaribia kwetu. Mwaka 1932 mtaalamu mwingine wa Heidelberg, Karl Reinmuth, aliona jiwe lililoitwa Apollo, nalo ni la kwanza kujulikana kwamba njia yake yaikata njia ya dunia yenyewe. Mwaka 1936 Eugène Delporte, huko Ubelgiji, aliona jingine, Adonis, lililopita mbali nasi kwa kilometa milioni mbili na kidogo. Umbali huo kwa mwenye kusafiri kwa miguu ni mkubwa kupita fikira, lakini kwa vipimo vya mbinguni ni sawa na kupita uani kwa jirani.

Karl Reinmuth alizaliwa Heidelberg mwaka 1892, akafanya kazi yake mlimani juu ya mji ule ule. Hakuwa mtu wa kelele. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, kuosha vioo, kupima mistari na kuandika, miaka nenda miaka rudi. Sayari ndogo alizozigundua ni karibu 400.

Basi mnamo tarehe 28 Oktoba 1937 alipiga picha ya mbingu kama ilivyokuwa desturi yake. Katika kioo chake palikuwa na mstari, lakini haukuwa mfupi kama ile aliyoizoea. Ulikuwa mrefu, na mstari mrefu maana yake ni mwendo wa kasi, na mwendo wa kasi kwa kawaida maana yake ni kwamba kitu kipo karibu. Siku mbili baadaye, tarehe 30 Oktoba, jiwe lile lilipita kando ya dunia kwa umbali wa kilometa 740,000 hivi, yaani maili 460,000, ambao haufiki mara mbili ya umbali wa mwezi. Mpaka siku ile hapakuwa na sayari ndogo yo yote iliyojulikana kupita karibu namna hiyo.

Mwendo wake angani ulikuwa wa ajabu. Lilipokuwa karibu kabisa lilipita digrii 5 za mbingu kwa saa moja. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii, kwa hiyo ni kama kusema kwamba jiwe lile liliruka upana wa miezi 10 kila saa. Hata hivyo halikuonekana kwa jicho tupu, kwa kuwa nuru yake ilikuwa hafifu. Mtu alihitaji walau darubini ndogo. Watu wa dunia nzima walilala wakaamka, wakaenda mashambani na sokoni, wala hawakujua kwamba mgeni amepita.

Jiwe hilo likapewa jina la Hermes, ambaye katika hadithi za Wayunani wa kale alikuwa mjumbe mwepesi wa miguu. Jina hilo lilimfaa mno, maana mjumbe huyu alikuja mbio, akapita, akatoweka. Wataalamu waliweza kulifuata kwa siku chache tu, kama 4. Kisha nuru yake ikafifia, hata darubini za siku zile zisiweze kuliona tena.

Hapa mtu aweza kuuliza: mbona Ceres lilirudishwa kwa hesabu, na Hermes lisirudishwe? Je, wenye kujua hesabu walikuwa wamekwisha duniani? La, sababu ni nyingine.

Fikirini mtu aliyeketi barazani, na mbele yake minazi miwili iliyokaribiana, na nyuma ya minazi ni bahari. Jahazi linapita. Analiona kati ya mnazi na mnazi, kisha basi. Akiulizwa, Jahazi lile linakwenda wapi? aweza kusema, Kusini. Lakini akiulizwa litatia nanga bandari gani na siku gani, atajibu nini? Labda tanga liligeuzwa kidogo baada ya mnazi wa pili. Kosa dogo la macho, dogo kama upana wa kidole, litakuwa maili nyingi likifuatwa hadi upeo wa bahari. Piazzi aliliona jahazi lake kwa siku 40 hivi. Reinmuth na wenzake waliliona lao kati ya minazi miwili.

Tena tupige hesabu. Dunia husafiri kuzunguka jua kilometa 30 hivi kwa kila nukta ya saa, yaani zaidi ya kilometa milioni mbili na nusu kwa siku moja. Hermes hulizunguka jua kwa muda wa miaka 2 na mwezi mmoja na nusu hivi. Tuseme mwenye hesabu amekosa muda huo kwa siku moja tu. Baada ya mzunguko wa kwanza atalitafuta jiwe mahali lilipopita jana. Baada ya mizunguko 10, jiwe litakuwa limemtangulia au limebaki nyuma yake kwa siku 10, na siku 10 za mwendo kama ule ni mamilioni ya kilometa. Aelekeze wapi darubini yake?

Wala taabu haikuishia hapo. Njia ya Hermes si kama njia ya Ceres, iliyotulia mbali. Hermes huingia ndani kuliko njia ya Zuhura, kisha hutoka nje kuliko njia ya Mirihi. Kila linapopita karibu na dunia au Zuhura, sayari hizo hulivuta kidogo, na kuvutwa kidogo leo ni kugeuka kwingi kesho. Kwa hiyo kosa lililokuwapo tangu mwanzo huzidi kukua kila mara ligusapo jirani.

Hivyo Hermes likawa jiwe lenye jina lakini halina mahali. Jina lake liliachwa katika orodha bila nambari, maana desturi ya wataalamu ni kutoa nambari kwa sayari ndogo ambayo njia yake yajulikana barabara.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo lilitushtua kuliko yote tulipolisoma. Mnamo tarehe 26 Aprili 1942 Hermes lilirudi. Lilipita karibu kuliko mwaka 1937, kwa umbali upatao kilometa 635,000. Wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeliona. Siku zile mataifa makubwa yalikuwa vitani. Macho yaliyotazama angani yalikuwa yakitafuta ndege za adui, na vijana wengi wa Afrika ya Mashariki walikuwa jeshini mbali na kwao. Jiwe lenye ukubwa wa kilima likapita juu ya vita vile, likaenda zake. Jambo hilo lilijulikana baada ya miaka zaidi ya 60, wenye hesabu walipoifuata njia yake kinyumenyume.

Miaka ikapita. Apollo, ambalo nalo lilikuwa limepotea, likaonekana tena mwaka 1973. Adonis likaonekana mwaka 1977. Hermes peke yake likabaki mafichoni. Karl Reinmuth akafariki mwaka 1979, akiwa mzee wa miaka 87, wala hakupata kujua jiwe lake liko wapi. Mwaka 1989 jiwe jingine, ambalo baadaye liliitwa Asclepius, lilipita umbali wa kilometa 690,000 hivi, nalo halikuonekana ila siku kadhaa baada ya kupita. Hivyo kwa zaidi ya miaka 50 jina la Hermes ndilo lililotajwa kila watu walipouliza, Ni jiwe gani lililoonekana kupita karibu na dunia kuliko yote?

Mwisho wa habari ya kupotea ulikuja tarehe 15 Oktoba 2003. Katika mji wa Flagstaff, jimbo la Arizona nchini Marekani, kwenye kituo cha nyota kiitwacho Lowell, palikuwa na kazi maalumu ya kutafuta mawe yakaribiayo dunia. Brian Skiff alikuwa akizipitia picha za usiku, akaona kitu chenye mwendo na nuru nyingi kuliko ilivyotazamiwa. Habari zikapelekwa kwa watunzaji wa orodha ya sayari ndogo huko Cambridge, Massachusetts. Wao wakalinganisha na picha za siku zilizotangulia, ambamo jiwe lile lile lilikuwa limeandikwa bila kutambuliwa, na hesabu ya njia yake ikaanza kupatana na vipimo vya mwaka 1937. Mjumbe alikuwa amerudi. Likapewa nambari yake, 69230, miaka 66 baada ya kupata jina.

Safari ile, mwezi wa Novemba 2003, Hermes lilipita mbali, zaidi ya kilometa milioni 7. Lakini watu walikuwa wamejiandaa. Walilielekezea rada, yaani mawimbi ya redio yanayorushwa mpaka yakigonga kitu hurudi kama mwangwi. Sisi sote tumewahi kupiga ukelele mbele ya jabali na kungoja jibu. Muda wa kungoja hutuambia jabali liko umbali gani. Rada hufanya vivyo hivyo, ila sauti yake hukimbia kwa mwendo wa nuru. Darubini kubwa ya redio ya Arecibo, kisiwani Puerto Rico, ambayo sasa haipo tena kwani iliporomoka mwezi wa Desemba 2020, ndiyo iliyoleta habari ya ajabu. Mwangwi uliorudi haukuwa wa jiwe moja. Hermes ni mawe mawili, karibu sawa kwa ukubwa, kila moja lina upana wa mita mia kadhaa, nayo huzungukana kwa muda wa saa 14 hivi kama watu wawili walioshikana mikono wakicheza. Miaka 66 watu walilitafuta jiwe moja, kumbe walikuwa mapacha.

Na kwa kuwa sasa jahazi lilionekana mwaka 1937 na tena mwaka 2003, minazi ilikuwa imetengana kwa miaka 66, si kwa siku 4. Hesabu ikawa imara, na wataalamu wakaweza kusema kwamba katika miaka 100 ijayo Hermes halitaipiga dunia.

Labda msikilizaji atasema, Haya yote yana faida gani kwa mtu anayelima mahindi au kuuza samaki? Swali hilo ni la haki. Jibu tunalipata katika mambo mawili yaliyotokea kweli. Tarehe 30 Juni 1908, huko Tunguska katika Siberia, kitu kilichotoka angani kililipuka juu ya msitu, kikaangusha miti katika eneo lililopita kilometa za mraba 2,000. Na tarehe 15 Februari 2013, karibu na mji wa Chelyabinsk nchini Urusi, jiwe lenye upana wa mita 20 hivi lililipuka angani asubuhi. Watu wapatao 1,500 waliumia, wengi wao kwa vioo vya madirisha vilivyovunjika. Jiwe hilo lilikuja kutoka upande wa jua, na hapana aliyekuwa ameliona kabla. Kila moja la mapacha ya Hermes ni pana kuliko jiwe la Chelyabinsk mara 15 au zaidi.

Hapo ndipo tunapomfikia mwanafunzi wetu. Wataalamu wanajuaje yaliyobaki nje ya daftari? Jibu lao ni la hekima, nalo lafanana na kazi ya mvuvi. Tuseme bwawa lina samaki, nasi hatujui ni wangapi. Tunavua 100, tunawatia alama pezini, tunawarudisha majini. Kesho tunavua tena 100. Tukiona kwamba katika hao wa pili 90 wana alama yetu, tutajua ya kuwa waliobaki bila alama ni wachache. Lakini tukiona wenye alama ni 10 tu, tutajua kwamba bwawa lina samaki wengi ambao hatujawagusa. Wenye kutafuta mawe hufanya vivyo hivyo. Kila usiku darubini zao huvua mbinguni, nao huangalia ni mawe mangapi waliyoyapata yamekwisha kuandikwa na mangapi ni mapya. Kwa njia hiyo hukisia idadi ya yale wasiyoyajua.

Kwa kazi hiyo, iliyoanza kwa nguvu mwaka 1998, ilitangazwa mwaka 2011 kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mawe yakaribiayo dunia yenye upana wa kilometa 1 au zaidi yamekwisha kuonekana. Lakini kwa mawe ya ukubwa kama wa Hermes na madogo kuliko hayo, wavuvi bado hukutana na samaki wengi wasio na alama. Yaliyoandikwa yamepita 30,000, na kazi haijaisha. Basi tulikosea mara mbili siku ile darasani. Tulikosea kumnyamazisha kijana, na tulikosea katika lile tulilolifundisha.

Tungependa pia kutaja jiwe jingine, kwa sababu linakuja kwetu. Mwezi wa Juni 2004 liligunduliwa jiwe lililoitwa baadaye Apophis, lenye upana wa mita 340 hivi. Nalo lilipotea kwa miezi kadhaa, likaonekana tena Desemba. Tarehe 27 Desemba 2004 hesabu zilionyesha kwamba pana nafasi 1 katika 37 ya kuipiga dunia mwaka 2029. Habari hiyo haikusikika sana, kwa maana siku iliyotangulia mawimbi makubwa ya tsunami yalikuwa yameua watu wengi sana katika nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Hindi, yakafika hata pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania. Lakini tazameni lililofuata. Watu hawakuketi kuomboleza. Walikwenda kuzipekua picha za zamani, na humo wakaliona jiwe lile limeandikwa mwezi wa Machi mwaka ule ule, kabla halijajulikana. Kwa kuongeza siku zile chache, minazi ikatengana, hesabu ikanyoka, na hatari ya mwaka 2029 ikaondoka. Mwaka 2021, baada ya kulipima kwa rada, wataalamu walisema kwamba Apophis halitaipiga dunia kwa muda wa miaka 100 walau.

Hata hivyo litapita. Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Aprili 2029, litakaribia hadi kilometa zipatazo 32,000 juu ya uso wa dunia, chini kuliko satelaiti nyingi zinazotuletea picha za televisheni. Litavuka juu ya Bahari ya Hindi, litapita juu ya Afrika kuelekea magharibi, na kwa saa zetu za Afrika ya Mashariki litakuwa karibu kabisa usiku ule ule, baada ya saa sita. Kama mawingu hayatazuia, litaonekana kwa jicho tupu, mfano wa nyota isiyo kubwa inayotembea polepole. Lile la 1937 lilitupita tumelala. Hili tumearifiwa miaka 25 mbele, nasi twaweza kuwatoa watoto uani walitazame bila hofu.

Wala wanadamu hawakuridhika na kutazama tu. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo kilichorushwa kutoka Marekani kiligongeshwa kwa makusudi kwenye jiwe dogo liitwalo Dimorphos, linalozunguka jiwe kubwa zaidi. Muda wa mzunguko wake, ambao ulikuwa saa 11 na dakika 55, ulipungua kwa nusu saa na zaidi. Kwa hiyo jiwe laweza kusukumwa. Lakini ni lile linalojulikana tu, tena linalojulikana mapema. Hapana awezaye kulisukuma lile ambalo halimo daftarini.

Wasikilizaji wetu, Reinmuth hakuweza kulizuia Hermes lisipotee. Alichoweza ni kupima mstari wake barabara, kuandika vipimo vyake bila kosa, na kuvihifadhi. Miaka 24 baada ya yeye kufa, watu wasiomjua waliifungua kazi ile, wakaikuta yafaa. Lau angeandika kwa uvivu, hata picha za mwaka 2003 zisingalitosha kulitambulisha jiwe lake. Tunawaambia walimu wenzetu neno hili hasa, kwa sababu kazi yetu nayo ni ya kuandika leo yatakayosomwa na watu tusiowajua.

Na yule kijana aliyeuliza swali, sasa ni mwalimu. Tulimwandikia barua kumpa jibu hili la samaki wenye alama, tukamwomba radhi. Alijibu kwa maneno machache: kwamba amelifundisha darasani kwake kwa maharage na mtungi, na kwamba mtoto mmoja ameuliza, "Je, kama samaki wenye alama ni wepesi kunaswa kuliko wengine?" Mwalimu huyo hakumwambia aketi. Alituletea swali lile, nasi tumekwisha kuanza kulitafutia jibu.